Likizo ya Agosti na Darasa Lililo Nyuma ya Migomba

Mapema mwezi wa Agosti nililetewa karatasi na mzazi mmoja wa mjini Kisii ambaye bintiye yuko gredi ya tatu. Kwa kuwa anajua kazi yangu ni kufundisha isimu, alitaka nimfasirie maneno machache. Karatasi yenyewe ilikuwa nakala ya kurasa za kitabu fulani cha ng'ambo, nayo ilimtaka mtoto atengeneze, katika majuma matatu ya likizo, vitu kadhaa vya "kiangazi": fremu ya picha iliyopambwa kwa makombe ya baharini, nungunungu wa matunda ya msonobari, na mashua ya vijiti vya aiskrimu. Mzazi alikuwa amekwisha kuzunguka madukani siku nzima akitafuta makombe. Aliniuliza kwa upole, "Daktari, hebu niambie, hicho kiangazi kwetu huwa lini?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinichekesha na papo hapo likanihuzunisha. Neno halisafiri peke yake. Husafiri na hali yake ya hewa. Kiangazi cha Mzungu ni likizo ndefu ya jua baada ya baridi kali. Kiangazi cha Mswahili wa pwani ni kile kipindi cha ukavu na joto. Sisi wa nyanda za juu za Gusii, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, hatuna hiki wala kile. Tulicho nacho ni likizo ya Agosti: asubuhi mahindi yanavunwa na kuanikwa, alasiri mawingu yanajikusanya na kila mtu anakimbilia kuyaanua. Uani kumetapakaa mabua, maganda na magunzi. Migomba imesimama palepale ilipokuwa. Parachichi zinaanguka na kuoza kwa wingi wake. Katikati ya utajiri huo mtoto ameketi kizingitini akingoja makombe kutoka Mombasa.

Sina nia ya kumlaumu mwalimu aliyeitoa karatasi hiyo. Ana wanafunzi wengi, ana ripoti za kujaza, na nakala aliipata ikiwa tayari. Ninalotaka kulisema linatuhusu sote, walimu, wazazi na hata wanafunzi wakubwa wanaoweza kuwaongoza wadogo zao. Ni kwamba kazi za mikono ambazo watoto huzifanya likizoni kwa vitu vya shambani ni miongoni mwa madarasa machache ya Ekegusii yaliyobaki wazi, na kwamba sisi wenyewe tunayafunga kwa njia mbili: tunaagiza vifaa madukani, kisha tunatoa maksi kwa kifaa kilichokamilika badala ya mkono na ulimi uliokitengeneza.

Nianze na mgomba, maana huo ndio duka letu kuu. Maganda ya nje ya shina la mgomba hukauka yenyewe yakiwa bado yamening'inia, nayo yaweza kubanduliwa bila kuudhuru mmea wala mkungu. Mtoto wa miaka sita anayaweza. Maganda hayo huchanwa vipande vyembamba vya upana wa kidole, hulowanishwa kidogo ili yasivunjike, kisha hupotwa. Kupota kamba ni elimu kamili. Nyuzi mbili hupotwa kila mmoja kwa upande mmoja, halafu zinapounganishwa huzungushwa kwa upande wa kinyume, na ule mvutano wa pande mbili ndio unaoishikilia kamba isifumuke. Mwalimu wa sayansi akitaka mfano wa nguvu zinazokinzana, huu hapa pajani pa mtoto. Kwa kamba hiyo hutengenezwa mpira: kiini cha majani makavu au matambara, kikizungushiwa kamba hadi kiwe mviringo, kisha wavu wa kamba nyembamba juu yake ili usifumuke unapopigwa teke. Hutengenezwa pia ngata ya kubebea mtungi kichwani, mikeka midogo, vikapu na wanasesere. Utomvu wa mgomba mbichi hautoki kwenye nguo, kwa hiyo mtoto avae nguo ya shambani. Mama atakayemruhusu avae sare ya shule atajilaumu mwenyewe.

Magunzi ya mahindi hayahitaji maelezo mengi. Kila mtu aliyelelewa mashambani ameshawahi kumfunga gunzi nguo na kumpa jina. Mabua nayo yana utumbo laini mweupe na ganda gumu. Kwa vitu hivyo viwili tu, bila gundi, watoto huunda miwani, vitanda, nyumba na magari, kwa kuchomeka vipande vya ganda ndani ya ule utumbo.

Kokwa la parachichi nalipenda zaidi kuliko yote, na sioni likitajwa vya kutosha. Likiwa bichi ni laini kiasi kwamba hata kijiko cha chuma chaweza kulichonga. Mtoto huchora uso, samaki au kobe, kisha anastaajabu kuona pale alipochonga pakigeuka rangi ya chungwa, halafu nyekundu ya kutu, mbele ya macho yake. Kokwa likikauka huwa gumu na kusinyaa kidogo, na sura aliyoichonga kijana hugeuka ya mzee. Hakuna ununuzi hapo, na vumbi ni haba.

Mbegu za omotembe, ule mti wa maua mekundu unaosimama mipakani, ni nzuri mno, nyekundu zenye doa jeusi, na watoto huzipenda kwa shanga. Lakini zina sumu. Zisitobolewe wala kutafunwa, na zisiachwe mikononi mwa wadogo wanaotia kila kitu kinywani. Mtu anayetaka shanga salama atafute vifuniko vya mbegu za mkaratusi, ambao kwa bahati mbaya tumeupanda kila mahali, hata penye chemchemi.

Na udongo? Wahenga walinena kuwa udongo uupate ungali maji, nao walimaanisha malezi, lakini ushauri wenyewe ni wa kiufundi na ni wa kweli. Udongo wa kando ya mto huchaguliwa changarawe, hukandwa hadi uwe laini, na vikitengenezwa vyombo hukaushwa kivulini polepole, siku kadhaa, kwani jua kali huvipasua. Kuchoma ni kazi ya mtu mzima. Niongeze hapa jambo ambalo wenzangu wapenda asili hulisahau: zamani vyungu vingi vilivyotumika Gusii vilitoka kwa majirani zetu Wajaluo kwa kubadilishana na nafaka. Kwa hiyo tusije tukawafundisha watoto kuwa kila kilichomo jikoni mwa bibi ni chetu peke yetu tangu uumbaji. Chungu kilikuja na soko, na soko lilikuja na ujirani.

Sasa nije kwenye lugha, maana ndiyo taaluma yangu. Likizo moja nilikaa mchana kutwa kwenye boma moja karibu na mji wa Nyamira, nikimtazama bibi mmoja akiwafundisha wajukuu wake watatu kusuka. Wawili walikuwa wa hapohapo. Wa tatu alikuwa ametoka Nairobi na Ekegusii chake kilikuwa salamu na majina ya vyakula. Nilikuwa na daftari. Nilitaraji kuandika majina ya vitu, kama tufanyavyo wanaisimu wavivu, lakini ukurasa ukajaa vitenzi: kaza, legeza, pinda, chomoa, lainisha, rudisha, fumua, ruka kimoja uchukue cha pili. Yule wa Nairobi hakuelewa nusu ya aliyoambiwa. Hata hivyo bibi alipotamka neno huku akimshika kidole, kidole kilifuata, na kufikia adhuhuri neno lile lilipotamkwa bila kushikwa, kidole kilifuata vilevile. Kufikia alasiri yeye mwenyewe alikuwa akimwamuru binamuye kwa neno hilohilo, tena kwa ukali wa mtu aliyelijua tangu kuzaliwa.

Hakuna kitabu cha kiada kinachofundisha vitenzi kwa njia hiyo. Karatasi ile ya Kiingereza niliyoonyeshwa ilikuwa na kitenzi kimoja tu kwa kazi zote: tengeneza. Tengeneza fremu, tengeneza nungunungu, tengeneza mashua. Ilhali Kiswahili chetu peke yake kina kusuka, kufuma, kupota, kusokota, kufinyanga, kuchonga, kuchanja, kuunda, na kila kimoja kinajua nyenzo yake. Hufinyangi mti wala huchongi uzi. Ekegusii nacho kina orodha yake, na ndiyo inayotoweka kwanza. Majina ya vitu hudumu hata makumbusho, kwa sababu kitu kikiwekwa rafuni hubandikwa jina. Kitenzi hakina rafu. Kinaishi maadamu mtu anakitenda.

Tena sarufi nzima ya mahali imo ndani ya kikapu. Msikilize mtu anayefundisha kusuka kwa Kiswahili: kaza hapa, zungusha kule, ingiza humu. Ngeli zote tatu za mahali katika pumzi moja, zile ambazo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huzikariri kwa machozi.

Nitoe mfano mmoja wa Ekegusii kwa ajili ya walimu wa lugha. Kiambishi cha ngeli inayolingana na KI yetu kina sura mbili, eke na ege. Mtoto husema ekerandi, yaani kibuyu, lakini husema egetonga, kikapu kikubwa. Kwa nini k imegeuka kuwa g? Kwa sababu t inayofuata ni sauti sighuna, na lugha hii haipendi silabi mbili zifuatane zikianza kwa sauti za namna hiyo. Ya kwanza hulazimika kupata mghuno. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani Edmund Dahl aliyeitambua katika Kinyamwezi. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayowafanya Wakikuyu waiite lugha yao Gĩkũyũ badala ya kuanza na k. Mimi niliisoma chuo kikuu kwa muhula mzima. Mtoto wa miaka minne anayesuka egetonga na kuchota maji kwa ekerandi anaitumia bila kukosea, na hajui kuwa ni msomi. Akiambiwa kila kitu ni "basiketi" na "kontena", ataikosa, na hatajua kuwa ameikosa.

Yamkini msomaji atasema ninatia chumvi. Abagusii waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2019 walipita milioni 2.7, lugha yenye watu kiasi hicho itakufaje? Sisemi kwamba itakufa. Ninasema kwamba lugha yaweza kuishi ikiwa imepungua, kama nyumba ambayo wenyewe wamehamia sebuleni na kuvifunga vyumba vingine vyote. Ekegusii cha matangani, cha kanisani na cha siasa bado kina nguvu, tena nguvu nyingi. Ekegusii cha mikono ndicho chumba kilichofungwa. Niulize vijana wa chuo kikuu waliozaliwa Suneka, Keroka au Ogembo: ekee ni nini? Wengi huniambia ni kikapu. Ni kweli, lakini ni kikapu kipi? Ekee ni kile kidogo kilichosukwa kwa kubanana sana ambamo obokima wa wimbi huandaliwa mbele ya mgeni. Aliyepoteza tofauti ya ekee na egetonga amepoteza zaidi ya neno. Amepoteza tofauti kati ya kumkaribisha mtu na kubeba mzigo.

Tatizo hili si la mtaala mpya peke yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliweka Sanaa na Ufundi miongoni mwa masomo ya shule ya msingi, na sisi tulioupitia tunakumbuka tulivyotakiwa kuleta fagio, mipini ya majembe, mikeka na vikapu. Nia ilikuwa njema. Lakini maksi zilitolewa kwa kitu, kwa hiyo wazazi wakaenda sokoni kununua vitu. Katika shule niliyosoma, ambayo sitaitaja, kuna kikapu kimoja nilichokiona kikipewa maksi miaka mitatu mfululizo, kila mwaka kikiwa na jina la mtoto mwingine. Kilikuwa kikapu bora sana. Na katika shule hiyohiyo, mtoto aliyesikika akisema Ekegusii alivishwa kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa uzi, akizunguka nacho hadi ampate mwenzake wa kumpasia. Nikitafakari leo naona kichekesho kichungu: ubao ule wenyewe ulikuwa kazi ya mikono, umechongwa na mtu, umepotewa kamba ya mgomba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yalipunguzwa, na Sanaa na Ufundi ikatoka katika mtihani wa darasa la nane. Somo lisilotahiniwa nchini mwetu ni kama mgeni asiyeletewa kiti. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia mwaka 2017 na kuanza rasmi nchini kote mwaka 2019, na kazi za mikono zikarudi kwa kishindo. Wazazi wanakumbuka: karatasi za manila, gundi, rangi, picha za kuchapishwa kwenye maduka ya saiba usiku wa manane, na fundi wa mtaani anayelipwa kuunda kitu cha mtoto wa gredi ya nne. Kikapu kile cha shuleni kwetu kilikuwa kimezaliwa upya, na bei yake imepanda.

La kustaajabisha ni kwamba suluhisho limo ndani ya ratiba yenyewe. Katika mpangilio wa masomo uliopunguzwa mwaka 2024, watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu wana masomo saba. Mojawapo ni lugha ya kiasili. Jingine ni shughuli za ubunifu. Masomo hayo mawili yanalala kwenye ukurasa mmoja na hayajuani. La kwanza, katika shule kadhaa nilizozizuru, huwa ni saa ya kumalizia hesabu, kwa kisingizio kwamba hakuna vitabu. La pili husomeshwa kwa Kiingereza kwa vifaa vya dukani. Laiti mwalimu angeyaoza, asingehitaji kitabu wala gundi. Sera ya kumfundisha mtoto mdogo kwa lugha ya mazingira yake ilipendekezwa na Kamati ya Gachathi mwaka 1976, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za kiasili. Ruhusa tunayo tangu zamani.

Mwalimu afanyeje basi? Aache kuuliza "umetengeneza nini?" na aanze kuuliza "nani amekufundisha, na alikwambiaje?" Mtoto alete kipande cha kamba cha urefu wa mkono, hata kikiwa kibaya, na akipote tena darasani mbele ya wenzake kwa dakika tano huku akisema anachofanya. Hapo fundi wa kulipwa hana nafasi. Kamba mbaya iliyopotwa na mtoto ipate maksi zaidi ya kikapu kizuri kilichonunuliwa. Mwalimu asiye Omogusii asiogope. Hapo ndipo mtoto atakuwa mwalimu wake, na sijui kitu kinachompa mtoto hamu ya kusema kuliko hicho. Na mjini Kisii, ambako darasa moja lina watoto wa Kijaluo, Kikuyu, Kiluhya na Kisomali, kila mmoja alete neno la nyumbani kwao la kikapu, yaandikwe ubaoni yalinganishwe. Somo la isimu linganishi litakuwa limefanyika kabla ya saa nne.

Bibi ndiye atakayefaidika zaidi, kisha mtoto. Zoezi la Kiingereza humweka magokoro nje ya mlango. Hawezi kulisoma, hawezi kusaidia, anaambiwa anyamaze mtoto "anasoma". Zoezi la kamba humrudisha kitini. Na desturi yetu imekwisha kumwandaa kwa kazi hiyo. Kati ya mzazi na mwanawe kuna chinsoni, ile heshima yenye mipaka ya maneno. Lakini kati ya mjukuu na magokoro au sokoro mipaka hiyo hulegea, wao hutaniana na kuulizana watakayo. Wataalamu wa ufundishaji lugha huandika mengi kuhusu kumwondolea mwanafunzi hofu ya kukosea. Abagusii waliliona hilo bila kuandika, wakawapa wazee watoto.

Kuna mzazi atakayeniuliza kama kamba ya mgomba itampa mwanawe kazi. Jibu langu la kwanza ni kwamba hesabu ya gredi ya pili nayo haimpi kazi, na hatuiachi. La pili ni la kibiashara. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti mwaka 2017, wengi tulidhani vikapu vitarudi sokoni. Vilivyorudi kwa wingi ni vifuko vya viwandani vinavyofanana na kitambaa, kwa sababu wasukaji walikuwa wachache na wamezeeka. Soko lilifunguka, mikono haikuwepo.

Lakini hapo kwenye biashara pana mpaka, na sitaki nieleweke vibaya. Tunapotaja ufundi wa Kisii kila mtu hukumbuka Tabaka, huko Mugirango Kusini, na jiwe lake la sabuni. Tuna haki ya kujivuna nalo. Mchongaji wa huko Elkana Ong'esa amefikisha jiwe hilo hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ambako sanamu yake ya ndege imewekwa. Jiwe lenyewe ni laini kwa sababu ya madini ya talki, lipo jeupe, la kijivu na la waridi, na huchongwa kwa panga, kisu na patasi. Kwa kawaida wanaume ndio huchimba na kuchonga, wanawake wakapiga msasa kwa maji, wakatia rangi na nta. Watoto nao wamekuwa wakionekana pembeni, wakisugua visahani kabla na baada ya shule, na wakati mwingine badala ya shule.

Walimu kadhaa wameniambia kwamba wangependa kuwapeleka watoto Tabaka wakajifunze kuchonga. Wawapeleke, wakatazame, wakaulize majina ya zana na ya aina za jiwe. Lakini kuchonga kwenyewe si kwa mapafu ya mtoto. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka hudhuru kifua, na machimbo yenyewe ni mashimo yenye kingo zinazoporomoka. Mtu akisisitiza kwamba mtoto ashike jiwe, kiwe kipande kidogo kilicholoweshwa, kisuguliwe ndani ya beseni la maji, nje penye upepo, na mkubwa awe karibu. La sivyo kokwa la parachichi linatosha kabisa.

Tofauti ya kujifunza na kutumikishwa si ngumu kuiona, ingawa wakubwa hujifanya hawaioni. Mtoto anayejifunza ndiye anayeamua kazi itaishia wapi; akichoka huiacha, na kitu alichokitengeneza ni chake. Mtoto anayetumikishwa huhesabiwa vipande. Nimewahi kuona boma ambalo watoto waliambiwa kuwa wanafundishwa mila, lakini jioni mwenye boma alihesabu visahani, si maneno. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumtumikisha mtoto, nayo haimpi msamaha mtu anayeita utumwa huo utamaduni.

Tatizo la ardhi pia lisemwe. Kisii ni kaunti yenye watu zaidi ya 900 katika kila kilomita mraba. Kuna watoto wanaoishi kwenye vyumba vya kupanga mjini ambako hakuna hata mgomba mmoja, na mwalimu anayewaambia "nendeni shambani" anawaaibisha. Kwa hao, gunzi lipo kwa muuza mahindi choma, kokwa la parachichi lipo jalalani pa kila kibanda cha chakula, na maganda ya mgomba huja sokoni kila siku yakiwa yamefungia mizigo, halafu hutupwa. Mama mboga atayatoa bure akiombwa na mtoto aliyesalimia vizuri.

Kwa yule mzazi wa mjini nilirudisha karatasi bila tafsiri. Nilimwandikia nyuma yake mambo mawili matatu ya kufanya katika siku zilizobaki, na kwa vile huenda wapo wengine walio katika hali yake, nayarudia. Maganda ya mgomba yabanduliwe asubuhi umande ukingalipo, kwani hapo hayavunjiki. Yakishachanwa yaanikwe chini ya dari jikoni, juu ya meko, mbali na mvua ya alasiri, la sivyo yataota ukungu kabla ya shule kufunguliwa. Bibi apigiwe simu leo, si siku ya mwisho. Na mtoto anapozungumza naye mzazi asimkatize kumsahihishia Ekegusii chake. Bibi atafanya hivyo mwenyewe, naye anajua namna ya kufanya bila mtoto kunyamaza.